Sehemu ya Pili ya Sylvanus

Theodora alikuwa na mazoea ya kufagia uwanja mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya sala na mchana baada ya kuosha vyombo, na alifagia kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayechana nywele za mtoto wa shule. Marehemu mume wake alikuwa akimtania kwamba kuku wa nyumba hii wanaogopa kukanyaga chini. Kwa hiyo siku ile ya soko, mwezi wa sita mwaka elfu mbili na nne, alipotoka jikoni akakuta nyayo zimekata mistari yake, hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba kuna aliyepita.

Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, za mtu mzima. Zilianzia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pale ambapo ukoo unazika watu wake, zikazunguka kona na kuja moja kwa moja mpaka kizingiti cha mlango. Zilikuwa za kuja tu. Za kurudi hazikuwepo.

Aliziangalia huku ameshika ufagio. Mguu wa kushoto ulikanyaga vizuri. Wa kulia ulilala upande, ukaburuza vidole na kuchora mfereji mdogo kila hatua. Sylvanus, mume wake, aliangukiwa na gunia la kahawa ghalani miaka ya themanini, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia ulikuwa ukiandika hivyo hivyo popote alipokwenda. Na Sylvanus alikuwa na zaidi ya mwaka mmoja na nusu kaburini.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema Theodora. Kisha akafanya alichoweza kufanya. Akazifagia.

Siku ya soko iliyofuata alikuwa ndani anachambua maharage, mlango ameufunga kwa komeo kwa sababu ya vumbi. Saa nane mchana alisikia hatua moja nzito na moja ya kuburuza, nzito na ya kuburuza, zikikaribia. Vidole vikagonga ubao mara tatu. Halafu sauti, ile ile yenye mkwaruzo wa tumbaku:

"Hodi. Hodi, wenyewe."

Kwa miaka thelathini na minne Theodora alikuwa ameijibu hodi ile bila hata kuifikiria. Safari hii hakuijibu. Alichukua rozari akasali matendo yote matano ya uchungu, taratibu, bila kuruka neno. Alipofungua mlango palikuwa na jua tu, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na nyayo.

Hakukimbilia kwa majirani. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilianza na picha.

Sylvanus alikuwa karani wa ghala la kahawa. Wanunuzi binafsi walipoingia na ghala likafungwa, alirudi nyumbani Mwika akiwa na nguvu zake na hana pa kuzipeleka. Wenzake walikwenda kwenye mbege, pombe ya ndizi. Yeye alikwenda kwenye vitabu. Kila aliposhuka Moshi alirudi na magazeti ya hadithi za picha, makuukuu, kurasa zimekatika pembeni: majini, watu wanaogeuka fisi, daktari anayeshona viungo vya maiti mpaka vinasimama, vyombo kutoka kwenye nyota vinavyotua shambani na kuchukua mtu na ng'ombe wake. Alizisoma mpaka wino ukafifia. Mwisho akaanza kutunga za kwake, kwenye madaftari ya shule aliyoyaacha binti yao Gladness alipoolewa.

Mojawapo ya hadithi hizo ilihusu mzee aliyekosa usingizi kaburini, akainuka kurudi nyumbani kwake. Sylvanus alimpa mchoraji mmoja wa Njoro pale Moshi, Ebenezeri, akaichora gazetini wiki kumi na mbili mfululizo. Watu waliipenda. Ebenezeri akapata kamera ya kuazima, akapanda Mwika mbio mbio kusema kwamba sasa watatengeneza filamu. Na mfu nani atamwigiza? Sylvanus mwenyewe, mrefu, mwembamba, mguu tayari unaburuza.

"Mimi hata unga msinipake sana," alisema Sylvanus akicheka. "Nimeshakaribia."

"Usiseme hivyo, Baba Gladness," alisema Theodora.

Walimtaka na yeye aigize. Ilikuwa nafasi ya mke wa marehemu. "Ni kufungua mlango tu, mama," Ebenezeri alimbembeleza.

"Mlango wangu nawafungulia walio hai." Na siku zote tatu za kupiga picha alikwenda kanisani kufua na kunyoosha vitambaa vya altare. Filamu yenyewe hakuiangalia, na hakuna aliyethubutu kumwambia ilivyo.

Kaburi walilichimba kwenye kihamba, shamba la ukoo nyuma ya nyumba, karibu na la baba yake Sylvanus, kwa sababu Sylvanus alikataa shimo la uongo. Alilala ndani, akafunikwa majani na udongo kidogo, akainuka mbele ya kamera. Jioni ya siku ya tatu, Theodora aliporudi kutoka kanisani, alimkuta dada mkubwa wa Sylvanus, Dominika, amesimama ukingoni mwa shimo na shina la mgomba begani.

"Wifi," Dominika alisema, "kaburi likichimbwa kwetu hapa linapewa mtu. Kama mtu hayupo, linapewa mgomba. Kabla jua halijazama."

"Dominika, sisi tumebatizwa."

"Hata mimi nimebatizwa, tena kabla yako. Kwani mgomba unafuta ubatizo?"

"Kwenye uwanja wangu hatuziki migomba."

Dominika alimtazama mdogo wake. Sylvanus, bado ana unga masikioni, aliangalia mkewe, akaangalia shimo, akasema, "Tumsikilize mama wa nyumba." Wakarudisha udongo mtupu.

Ilikuwa Agosti. Mwanzoni mwa Novemba, wiki ile ya kuwaombea marehemu wote, kifua cha Sylvanus kilibana na hakikufunguka tena. Vijana waliochimba kaburi lake walifurahi kwamba udongo ulikuwa laini ajabu. Hawakujua kwa nini. Theodora alijua alipokaribia ukingo na kuona ni shimo lile lile. Dominika naye alijua, lakini hakusema kitu mbele za watu. Alimtazama tu Theodora juu ya jeneza, na macho yale Theodora hakuyasahau.

Basi ndiyo maana alizifagia nyayo peke yake.

Alijua zinatoka wapi wiki ya tatu. Alikuwa anatoka sokoni na mkungu mdogo kichwani, akipita nyuma ya banda la video lililofunguliwa mwezi huo, na kupitia mianya ya mbao akasikia, "Hodi. Hodi, wenyewe." Umati ndani ukapiga mayowe, wanawake na wanaume. Theodora alisimama pale mpaka mkungu ukamuuma utosi. Ebenezeri alikuwa amehangaika karibu miaka miwili kuunganisha vipande kwa mashine za kuombaomba, na sasa filamu ilikuwa imetoka. Alipofika nyumbani, nyayo zilikuwa mbichi. Siku ya soko iliyofuata umeme ulikatika kutwa nzima, banda likafungwa, na uwanja ukabaki na mistari yake.

Alikwenda kwa paroko. Paroko alimsikiliza bila kucheka, akasoma misa ya marehemu, na Theodora akapokea komunyo akiwa na nia moja tu. Siku ya soko, saa nane, hodi.

Ndipo akashuka Moshi kwenye duka la Suresh, anayenakili kanda na kuzisambaza. Ukuta mzima ulikuwa macho mekundu na meno na mikono inayotoka ardhini. Katikati yake, kwenye ganda la kanda, alikuwepo Sylvanus, uso mweupe wa unga, mdomo wazi. Theodora hakuwa na picha ya mume wake isipokuwa ile ya kitambulisho cha ghala, ndogo kama kucha. Alinyoosha mkono akaigeuza kanda ile, uso ukaangalia ukutani.

"Shikamoo, mama," alisema Suresh. Alipoambiwa yeye ni nani alisimama, akamwita mkewe. "Pramila! Lete soda, njoo umwone mke wa mzee! Pole sana, mama. Mzee alikuwa mtu mzuri, alikuja hapa tukabishana habari za majini kutwa nzima. Mimi nasema majini hawana miguu, yeye anasema wanayo. Pramila alitufukuza wote wawili."

"Nimekuja kukuomba uzirudishe," alisema Theodora. "Hizi kanda. Zote."

Suresh alikuna kidevu. "Mama, ningekuwa na uwezo ningefanya leo. Nimeshapeleka Arusha, Same, Tanga. Mtu mmoja amebeba boksi zima kwenda Mwanza, na huko wananakili wenyewe. Sijui hata ziko ngapi."

"Kwa hiyo wataendelea kumwangalia."

"Wataendelea. Tena wananigombeza mimi! Kila anayerudisha kanda anauliza, mke alifungua au hakufungua?"

"Alifungua nini?"

Suresh alimtazama kwa mshangao. "Mama hujaiona?"

"Sijaiona."

"Inaishia pale pale, mama. Mzee anatoka kaburini, anatembea, anafika mlangoni kwake, anapiga hodi. Basi. Maandishi yanatokea, subirini sehemu ya pili. Na sehemu ya pili haikupigwa, kwa sababu mzee..."

Pramila alileta soda. Theodora aliinywa yote kwa adabu, ingawa hakuisikia ladha. Alikuwa anafikiria mlango wake. Kila mahali mtu alipobonyeza kitufe cha video, Sylvanus aliamshwa, akatembezwa na mguu ule mbovu, akafikishwa kizingitini, akaachwa amesimama. Hakuna aliyemrudisha.

Kanda zilivyosambaa, ndivyo alivyozidi kuja. Mwezi wa saba alikuja kila siku. Mwezi wa nane alikuja mara mbili, mara tatu, asubuhi Theodora akiwa anakamua mbuzi, mchana akiwa anapika mtori wa ndizi. Mfereji wa mguu wa kulia ulizidi kuwa mrefu, mpaka hatua zikakaribia kuungana, kama mtu asiyeweza tena kuinua mguu. Sauti nayo ilipungua. Theodora aliacha kufagia nyayo. Alipita pembeni mwake, kama mtu anavyompita mgonjwa aliyelala sakafuni.

Alhamisi moja alikuja mara tano. Mara ya tano hakugonga. Ubao wa mlango ulilia tu, kama umeegemewa na mtu mzito, na Theodora akasikia pumzi.

"Mama Gladness," sauti ilisema, chini sana. "Nimechoka."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye filamu. Suresh alikuwa amemweleza yote ambayo mfu anayasema humo.

Mkono wa Theodora ulikuwa juu ya komeo kabla hajajua umekwendaje. Chuma kilikuwa cha baridi. Alikuwa amelala peke yake karibu miaka miwili, akila sahani moja, akisali kwa sauti ili nyumba isikie mtu. Kuvuta komeo ni kazi ya kidole kimoja. Angeingia, angekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Angekuwepo.

Lakini alikumbuka uwanja. Nyayo za kuja tu. Akiingia humu, nani atamtoa? Atakuwa anaamshwa Tanga na Mwanza, anatembea humu ndani, chumbani na sebuleni, miaka na miaka, amechoka hivi hivi. Na yeye Theodora akifa, je?

Aliegemeza paji la uso kwenye ubao. "Vumilia, Baba Gladness," alisema. "Nimekusikia. Vumilia kidogo, nakuja."

Ubao ukanyamaza.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Dominika, njia ambayo hakuikanyaga tangu msiba. Dominika alikuwa jikoni akigeuza ndizi kwenye makaa.

"Heh! Mtakatifu wa Mwika leo amekumbuka njia ya kwangu. Nitandike zulia?"

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Kaa basi, usisimame kama mtu wa sensa." Akamsukumia kigoda na ndizi ya moto. "Anakuja, siyo?"

Theodora aliacha ndizi mkononi. "Ulijuaje?"

"Mdogo wangu huyo. Siku ya kwanza nilipita njia ya nyuma nikaona unafagia huku unalia. Nikasema, mwache. Siku atakayochoka atakuja." Dominika alipuliza makaa. "Nimekungoja wewe kuliko ninavyongoja mvua, Theodora."

"Ni mimi niliyemnyima mgomba."

"Ni wewe." Hakuongeza sukari kwenye neno hilo. "Na yeye alikubali, kwa sababu alikuwa anakupenda kuliko anavyoogopa. Na mimi nilikuwepo, ningeweza kuutupa humo kwa nguvu, nikaogopa ulimi wako. Tugawane."

"Tuuzike sasa."

"Sasa hautoshi. Shimo peke yake halikumtoa, amechanganyikiwa na ile picha yenu. Picha ndiyo inayomwamsha, picha ndiyo imrudishe. Wewe ulitakiwa ufungue mlango, hukufungua. Nenda ukafungue."

Kabla ya kushuka Moshi alipita tena kwa paroko. "Baba, kumwomba marehemu msamaha ni dhambi?"

"Kuomba msamaha hakujawahi kuwa dhambi, mama."

"Na mgomba?"

Paroko alifikiri. "Mgomba ni mgomba," alisema. "Mimi sikuuona."

Alimkuta Ebenezeri kule Njoro juu ya ngazi, anachora kichwa cha mtu aliyenyolewa kwenye ukuta wa kinyozi. Alishuka na brashi mkononi, akamwamkia, na macho yake hayakutulia.

"Filamu nimeacha, mama. Tangu mzee afariki sikupata raha na ile kazi. Na watu wakiniuliza sehemu ya pili nawaambia mwigizaji hayupo."

"Yupo," alisema Theodora. "Na mke pia yupo. Siku ya soko njoo na kamera, saa saba. Nitafungua mlango."

"Mama, wewe mwenyewe?" Brashi ilidondosha rangi kwenye kiatu chake. "Na mzee? Nimtafute mtu mrefu, nimpake unga?"

"Usimtafute mtu. Wewe simama uwanjani, uone mlango na uone njia ya migomba. Ukianza usisimamishe mpaka nikwambie."

Siku hiyo mawingu yaliufunika mlima tangu asubuhi na mwanga ulikuwa wa kijivu. Dominika alikata shina la mgomba, wakaliviringisha kwenye koti la Sylvanus la kwenda kanisani, wakaliweka pembeni mwa kaburi, na shimo jembamba ubavuni mwake Dominika akalichimba mwenyewe. Theodora alivaa kitenge cheusi na kanga. Mkono mmoja ulikuwa na kitabu cha sala, mkono mwingine jani la masale, lile ambalo mtu wa kwetu akikuletea mlangoni kuomba radhi huwezi kumfukuza.

Saa nane ikafika. Ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, alisikia hatua. Zilichukua muda mrefu sana kuvuka uwanja.

"Hodi," sauti ilisema. Haikuwa na nguvu ya kumalizia.

Theodora alivuta komeo.

"Karibu, Baba Gladness."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na uwanja, na Ebenezeri amesimama mbali, jicho lake kwenye kamera. Harufu ya udongo ilimjia usoni, nzito. Alinyoosha jani mbele yake, kuelekea mahali ambapo kifua cha Sylvanus kingekuwa.

"Nilikosa," alisema. "Shimo lilikuwa lako nikalirudishia udongo mtupu, kwa kiburi cha sala zangu. Na ulipokuja sikukujibu. Naomba radhi." Alingoja. Mkono ulichoka. Akainama, akaweka jani kizingitini. "Humu ndani hupiti. Siyo kwamba sikutaki. Twende nikusindikize."

Akatoka, akatangulia, hakugeuka. Alitembea polepole, mwendo wa mtu anayemngoja mwenye mguu mbovu. Mara moja alihisi kanga inavutwa kidogo mabegani na akadhani imenaswa kwenye mgomba. Kaburini, yeye na Dominika waliteremsha shina lililovaa koti. Theodora alifungua kitabu cha sala, kwa sababu hakuiamini sauti yake bila kitabu, akasoma mpaka mwisho: raha ya milele umpe, ee Bwana. Macho hakuyainua. Dominika akafukia.

"Basi," alisema Theodora. "Simamisha."

Ebenezeri hakusimamisha mara moja. Alipoondoa jicho kwenye kamera, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na shati limemganda mgongoni.

"Imetoka?" Theodora aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Kaa ule mtori."

"Asante, mama. Niruhusu niende." Alifunga vitu vyake, akateremka njia bila kuaga mara ya pili. Kizingitini jani la masale halikuwepo. Dominika alisema ni upepo, lakini hakukuwa na upepo.

Wiki tatu uwanja ulikaa kimya. Ndipo Suresh akatuma habari kwamba sehemu zote mbili ziko kwenye kanda moja, na banda la Mwika litazionyesha siku ya soko. Theodora alioga, akavaa, akaenda. Mlangoni walimtazama kama wameona askofu. Akakaa kwenye benchi la nyuma, kando ya mama mmoja kijana, muuza vitunguu, aliyeacha kapu lake kati ya miguu.

Taa zikazimwa. Na Sylvanus akaja.

Hakuwa wa kutisha. Watu walipiga kelele kaburi lilipotikisika, lakini Theodora aliona jani limemnasa sikioni, na pembe ya mdomo inavyobana. Aliijua ile. Ndivyo alivyobana kicheko kanisani pale mzee wa baraza alipopiga chafya. Mfu yule alikuwa amekaribia kucheka. Alitembea, aliburuza, unga ulimdondoka, na Theodora akamwangalia vidole, shingo, namna anavyokunja mkono, akichota kila kitu, machozi yakimchuruzika, yeye peke yake anatabasamu banda zima likilia kwa hofu.

"Hodi. Hodi, wenyewe."

Kisha picha ikabadilika kidogo, mwanga wa kijivu, na mlango ukafunguka. Theodora alijiona, mzee kuliko alivyodhani, ananyoosha jani. Mbele yake hapakuwa na mtu. Uwanja tu, mistari ya ufagio.

"Mama yangu," muuza vitunguu alinong'ona, ameshika mdomo. "Alivyokonda, maskini!"

Theodora alimgeukia. "Nani?"

"Si yule mzee."

Theodora alikaza macho. Mlango, yeye, jani. "Anafanya nini?"

"Kwani huoni, bibi?"

"Macho yangu siku hizi," alisema Theodora. "Nisimulie, mwanangu."

"Ameinama. Ameliokota jani, ameliweka hapa kifuani. Yule mama ameshatangulia. Mzee anamfuata. Heh, ameshika ncha ya kanga yake, anatembea kama mtoto anayepelekwa kliniki." Alimtazama Theodora, akatazama picha, akatazama tena. "Huyu mama mbona anafanana na wewe?"

"Wanasema. Na sasa?"

"Sasa wamefika. Wanaume hakuna, wanawake wawili wanazika kitu. Mzee amekaa ukingoni, anapumzisha mguu. Sasa anashuka. Mwenyewe, hakuna anayemsukuma. Analala."

"Analia?"

"Hapana. Ametulia. Anamwangalia yule mama."

"Anamwangaliaje?"

Muuza vitunguu alitafuta neno. "Anangoja amwangalie. Na yule mama anasoma tu kitabu chake. Angeinua macho mara moja, bibi, wangeonana! Inua macho wewe mama! Ah. Haya, udongo umemfunika." Akapangusa pua na mkono. "Ameigiza vizuri huyo mzee. Mama naye siyo mbaya, ila ana moyo mgumu."

"Ndiyo," alisema Theodora.

Maandishi yakatokea kwamba imekwisha, watu wakasimama wakigombania mlango na kubishana. Theodora alibaki kwenye benchi mpaka walipowasha taa.

Siku ya soko iliyofuata alifagia baada ya kuosha vyombo, akafungua mlango wote, akakaa kwenye kigoda akielekea uwanjani, rozari mapajani, safari hii macho ameyainua. Saa nane ilipita. Saa tisa ilipita. Sokoni kwa mbali zilisikika kelele za banda, kisha nazo zikaisha. Kivuli cha nyumba kilitambaa mpaka kwenye migomba. Mistari ilikuwa imenyooka, yote, kutoka kizingitini mpaka kaburini, na hata kuku hawakuikanyaga.